Kupima bakteria wa kinyesi kwenye kijito kinachomwagikia mikokoni: njia ipi?

Bondeni
Asalaam alaykum. Shehia yetu, hapa Unguja, inataka kufuatilia kijito tangu chemchemini hadi kinapoingia kwenye mikoko. Watoto wanaoga humo kila siku, kwa hiyo tunataka matokeo ya kuaminika. Tunazo chupa za sulfidi zinazogeuka nyeusi na Petrifilm, vile vikaratasi vya kuoteshea na kuhesabu E. coli, bakteria wa kinyesi. Umeme unakatikakatika. Tushike ipi?

Mpimaji
Wa alaykum salaam. Chupa zibakisheni chemchemini tu. Zinasema uchafu upo au haupo, hazihesabu. Mikokoni zitakudanganyeni kabisa: tope lile linalonuka mayai viza lina bakteria wanaotoa sulfidi hata pasipo kinyesi.

Petrifilm ni mililita 1 tu. Pipeti iwe wima, teremsha plastiki ya juu polepole hewa isiingie, bonyeza kwa kibao chake, subiri dakika moja jeli ishike. Kisha nyuzi 35 kwa saa 24 hadi 48. Kidoa, yaani kundi la bakteria walioota, kikiwa cha buluu chenye kiputo cha gesi ndiyo E. coli, chekundu chenye kiputo ni kolifomu nyengine, jamaa za E. coli. Kumbukeni kidoa kimoja ni sawa na 100 katika mililita 100, hivyo ukikosa hata kimoja usiseme maji ni salama. Kwa mto unaochafuka inafaa. Kwa maji ya kunywa, ambayo WHO inataka E. coli asionekane ndani ya mililita 100, haifai.

Maabara_Pemba
Naongezea uchujaji kwa utando wa matundu ya mikromita 0.45, maana ndio unaokupa mililita 100 nzima chemchemini. Masika tope huuziba, basi chujeni mililita 10 na 1. Kwa ile 1, tangulizeni mililita 20 hivi za maji yaliyotakaswa, yasiyo na bakteria, kwenye faneli, la sivyo vidoa vitarundikana upande mmoja na hamtaweza kuvihesabu. Sahani nzuri ya kuoteshea utando huo ina vidoa 20 hadi 60. Kolifomu za kinyesi zinataka nyuzi 44.5, na umeme ukikatika joto likashuka, wasio wa kinyesi nao huota. Bila betri ya akiba, bakini na Petrifilm.

Bondeni
Shukrani. Na pale maji yanapokuwa ya chumvi?

Mpimaji
Pale pimeni enterokoki, bakteria wengine wa kinyesi, ndugu yangu. E. coli hufa upesi kwa chumvi na jua, utaona namba ndogo huku kinyesi kipo. Mkipima E. coli pale kwa Colilert, kipimo cha E. coli na kolifomu, zimueni sampuli mara 10 kwa maji yaliyotakaswa yasiyo na chumvi. Bila hivyo bakteria wa baharini huleta majibu ya uongo.

Chukueni sampuli maji yakipwa, kila mara hali ileile, kwani yakijaa bahari inazimua kila kitu. Mdomo wa chupa uelekee mkondo unakotoka, msitibue tope. Tieni kwenye deli la barafu, kizibo kisizame kwenye maji ya barafu, na upimaji uanze ndani ya saa 6.

Kila siku pimeni pia sampuli moja ya maji yaliyotakaswa. Ikiota kitu, matokeo ya siku hiyo yote yatupwe.