Naomba ushauri: Nestor Burma, ule mupelelezi wa bitabu bya Léo Malet, nianzie na kitabu gani?

Musomaji_Himbi: Bandugu habari zenu. Kuko papa mumoja pale Birere anauzisha bitabu bya zamani, nimekuta mbili za Léo Malet, *120, rue de la Gare* na *Brouillard au pont de Tolbiac*, na feza yangu inatosha paka moja. Ile ya Tolbiac nilianza kusoma nikiwa nimesimama, Burma iko ndani ya metro anaenda ku hospitali ya Salpêtrière juu ya barua alipata, na kuko binti anamufuata, nikashindwa kuiweka chini. Lakini naogopa kuingia katikati ya bitabu bingi hivi, tena magaribi nasomeaka baleki zangu kwa sauti, sitaki bapotee njiani.

Yaya_Katindo: Leki, chukua 120. Njo ya kwanza, ya 1943. Mutu amepoteza kumbukumbu anakufa mu kambi ya bafungwa ba vita Ujerumani na anaacha adrese moja, kisha Burma anarudi Ufaransa, ku gare (stasyo ya treni) ya Perrache pale Lyon mufanyakazi wake Colomer anamutajia ile ile adrese na banamupiga risasi palepale mbele yake. Baleki zako hawatakuacha ufunge kitabu.

Fundi_wa_Polar: Mi sikubali. Tangu 1954 Malet alikuwa anachukua arondisema (mutaa mukubwa) moja ya Paris kwa kila kitabu, kesi inaanza na inaisha mulemule. Sekretere Hélène, komiseri Faroux, Covet wa gazeti, banarudi kila mara na utabajua haraka. Tolbiac ni ya 13. Hata mwenyewe hakumaliza zote 20, aliandika 15, sasa utangoja nini?

Mwalimu_Bukavu: Kupotea hatapotea, ni kweli, lakini Tolbiac inachimbua ujana wa Burma, wakati alikuwa kijana maskini kati ya ba anarchiste (batu banakataa serikali), analala njaa ku ile barabara anarudia sasa akiwa mukubwa, na rafiki wa zamani njo alimuandikia. Kama haujamuzoea kwanza vile anabishana na polisi bila kutetemeka, ile uchungu itakupita tu, na hiyo njo roho ya kitabu. Ningesema 120 kwanza.

Musomaji_Himbi: Asanti Mwalimu. Ila Yaya amesema kambi ya bafungwa, na kale kadogo kangu tangu mambo ya vita hapa kwetu kanashituka usiku kakisikia tu mulango umepigwa. Sitaki kukarudishia ile woga.

Mwalimu_Bukavu: Umefanya vizuri kuuliza, mwanangu. Kambi ni mwanzo tu, mengi ni kuuliza batu maswali pale Lyon na Paris. Soma peke yako kwanza, ile ya gare usome muchana.

Mama_Libreri: Na kabla ya kulipa fungua nyuma! Polar (bitabu bya upelelezi) za zamani zinakosaka page za mwisho, gundi inakauka zinaanguka, utafika ku jina la muuaji unakuta kifuniko.

Musomaji_Himbi: Mama asanti sana, hiyo sikuiwaza. Basi 120, kesho asubui napita kuangalia kama iko nzima, na nitamuomba papa aniwekee Tolbiac mupaka mwisho wa mwezi.