Ushirikiano wa chakula katika ukanda mmoja: tuanzie wapi?

Swali
Ndugu zangu, vikundi vyetu vya wakulima na walaji vinataka kuunda mfumo wa pamoja wa chakula, ili mkulima asipunjwe na mlaji asiumizwe na bei. Tuanze na ghala, usafiri au soko?

Jibu la kwanza
Anzeni na ghala. Mwaka 2019 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikadiria kwamba takriban asilimia 14 ya chakula duniani hupotea baada ya mavuno, kabla ya kufika madukani. Nafaka yenye unyevu unaozidi asilimia 14 huweza kuota ukungu, na sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haiishi kwa kupikwa. Kwa hiyo kipima unyevu kiwepo mlangoni. Mkulima mwenye stakabadhi ya ghala, yaani hati inayoonyesha mzigo wake umehifadhiwa humo, anaweza kukopea mzigo wake badala ya kuuza kwa bei ya kutupa wakati wa mavuno.

Jibu la pili
Naafiki, ila ghala lisilo na uongozi wa kuaminika hugeuka mali ya wachache. Kila mwanachama awe na kura moja, awe ameleta gunia moja au mia, na mizani isomwe mbele ya mwenye mzigo. Wachuuzi nao (ambao husingiziwa kila kitu) waingizeni kwenye kamati, kwani ndio wanaojua njia na wateja.

Jibu la tatu
Wekeaneni mikataba na maeneo jirani kabla ya ukame, maana ukishafika kila mtu hufunga ghala lake.