Mawakala wa mizigo ya ndege Pemba: mnapokea samaki mkijua nafasi hakuna!

Assalamu alaykum. Nafungua uzi huu kwa hasira, na hasira yenyewe ina hesabu.

Wakala anapokea jodari saa moja asubuhi, anachukua pesa taslimu, anamwambia mvuvi "itaondoka na ndege ya kwanza". Anajua fika kuwa hana uhakika huo. Chukueni Caravan 208B, ndege inayotumika sana kwa safari fupi kama ya Chake Chake na Unguja. Uzito wake wa juu wa kuruka ni kilo 3,969. Toa ndege tupu na viti vyake, tuseme kilo 2,300. Toa marubani wawili, 160. Toa mafuta ya safari na ya akiba, 400. Zimebaki 1,109. Weka abiria 12, kila mmoja kilo 75 na begi la kilo 15, ni 1,080. Kwa mizigo yenu zimesalia kilo 29. Boksi moja la samaki, basi! Nyinyi mmepokea sita.

Na msituoneshe lile sanduku la mizigo chini ya tumbo la ndege mkasema "si hilo tupu". Pa kuweka papo, uzito ndio umekwisha. Rubani akishusha boksi anafanya kazi yake, asilaumiwe. Wa kulaumiwa ni aliyelipokea bila kumwambia mwenyewe kuwa ni mzigo wa kusubiri nafasi.

Boksi likishushwa linakwenda wapi? Juani, juu ya mkokoteni. Jodari na vibua wakikaa kwenye joto wanatengeneza histamini, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika wala kwa kugandisha tena. Mlaji anawashwa, anavimba, anaharisha, halafu mnunuzi anasema samaki wa Pemba wabaya. Samaki alitoka baharini mzima! Nyuzi joto 0 mpaka 2 ndiyo kiasi chake, na hata kivuli cha mwembe hakikupi hicho.

Wapakiaji nao wana lao. Barafu ya vipande inayeyuka, maji ya chumvi yanavuja, na maji hayo yanakula alumini na nyaya za ndege. Boksi linalovuja likikataliwa ni haki. Tieni samaki ndani ya mifuko miwili ya plastiki, kila mmoja ufungwe peke yake, chini wekeni kitambaa cha kunyonya maji, na mtumie pakiti za jeli zilizogandishwa usiku kucha. Barafu kavu, yaani gesi ya kaboni dioksidi iliyogandishwa, ni mzigo wa hatari: inatangazwa, inaandikwa kilo zake juu ya boksi, na boksi halizibwi kabisa, maana gesi ikikosa pa kutokea linapasuka.

Bei sasa. Kilo za ukubwa wa boksi zinapatikana hivi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000. Boksi la 60 kwa 40 kwa 40 linatoa kilo 16 za ukubwa. Mzani ukisoma 22, mteja analipa 22. Inatozwa ile iliyo kubwa, moja tu. Kumtoza mtu uzito kisha ukamwongezea "pesa ya ukubwa" ni wizi, hakuna jina jengine.

Baya zaidi ni mzigo wa nje ya nchi. Mnaandika hati mbili za mzigo, moja ya Pemba mpaka Kisauni, uwanja wa ndege wa Unguja, nyengine ya Kisauni kwenda mbele. Ndege ndogo ikichelewa, kubwa imeshafunga kupokea mizigo, na kila mmoja anasema si wangu. Andikeni hati moja tangu Chake mpaka mwisho wa safari. Hapo Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa kimataifa wa usafiri wa ndege, unaishika safari nzima, na mpokeaji ana siku 14 za kulalamika kwa maandishi mzigo ukiharibika, 21 ukichelewa.

Kuanzia kesho kila stakabadhi iandikwe "nafasi imethibitishwa" au "unasubiri nafasi", na saa ya kupokelewa. Mvuvi akiona "unasubiri", aamue mwenyewe kama ampeleke jodari wake bandarini Mkoani akapande boti.