Nyeupe, zambarau au mchanganyiko? LED za kuoteshea saladi chumba cha ndani

benchi_60x60
Assalaam alaykum. Chumba cha ndani Mji Mkongwe, ukuta mnene, dirisha linatazama kichochoro, jua haliingii. Benchi ni sentimita 60 kwa 60, kwa ajili ya saladi, kotmiri na mrehani. Taa itaundwa kwa LED moja moja zile za "wati 3", umeme wa ukutani. Njia ni tatu: nyekundu ya nanomita 660 na buluu ya 450 tupu, nne kwa moja, ndiyo zambarau yenyewe; nyeupe tupu za 6500K, yaani nyeupe yenye ubuluu; au nyeupe zikichanganywa na 660. Ipi itatoa majani mengi kwa kila yuniti? Na hizi za 730, nyekundu ya mbali, zina kazi gani?

fundi_wa_mkondo
Waalaykum salaam. Chukua ya tatu.

Zambarau inauzwa kwa hoja kwamba klorofili hunyonya buluu na nyekundu tu. Hiyo ni klorofili iliyotolewa kwenye jani ikayeyushwa chupani. Jani zima halifanyi hivyo: vipimo vya mtafiti McCree vya 1972 vilionesha kuwa mwanga wa kijani nao unatumika katika usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga, na kwa sababu haunyonywi wote juu juu, unafika mpaka tabaka za ndani za jani. Faida ya kweli ya 660 ni nyengine. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, ikiwa nyekundu ina nishati ndogo kuliko ya buluu, kwa hivyo wati ile ile inatoa fotoni nyingi zaidi, na mmea hula fotoni, si wati.

Hesabu yako: saladi inataka kama maikromoli 200 (kipimo cha wingi wa fotoni) kwa mita mraba kwa sekunde, saa 16 kwa siku. Benchi lako ni mita mraba 0.36, yaani maikromoli 72 kwa sekunde. Kadiria robo ya mwanga itapotea pembeni. Taa itoe karibu 96. Nyeupe 20 na nyekundu 10 kwa miliampea 500 zinakula wati 42 hivi na zinafika hapo, zikiwa LED nzuri. Ukijumlisha hasara ya draiva, kifaa kinacholisha LED umeme, ni wati 48 ukutani, kama yuniti 23 kwa mwezi.

kitalu_wete
Maalim, hapo pana la kusema. Kwa rafu za miche inayokuzwa ndani ya chupa, migomba na vanila, nyekundu na buluu tupu zinatosha. Miche ile inakula sukari ya ndani ya chupa, mwanga inaotaka ni mdogo, na kila wati usiyoitumia ni joto usilolazimika kulitoa chumbani.

fundi_wa_mkondo
Kwa chupa sipingi. Kwa saladi ya kula nabaki pale pale, na joto ni sababu mojawapo. LED nyekundu hupoteza mwanga kwa joto zaidi kuliko nyeupe na buluu. Chumba cha nyuzi 31 chenye aluminiamu nyembamba kitaanza kuzidhoofisha nyekundu, na taa ambayo nne kwa tano ni nyekundu ndiyo itakayoumia zaidi.

bi_mrehani
Mmeisahau sababu kubwa kuliko zote: macho. Chini ya zambarau jani la njano na jani la kijani hayaachani vizuri, na vidukari huvioni mpaka vimejaa. Upungufu wa chuma kwenye mrehani huanza kwa majani machanga kupauka kati ya mishipa, na lazima uuone siku za mwanzo. Kwa hili peke yake nyeupe imeshinda.

Kuhusu 730, ndugu yangu, iache. Mmea ukipata 730 nyingi kuliko 660 unadhani umefunikwa na jirani, basi shina linarefuka kuutafuta mwanga. Saladi itakuwa nyembamba na kulala. Ni kweli mtafiti Emerson alionesha mwaka 1957 kwamba nyekundu ya mbali ikiunganishwa na nyekundu ya kawaida huongeza usanisinuru, lakini kwa benchi moja la majani faida yake haifidii miche iliyorefuka.

Na 6500K usiidharau. Buluu yake ni nyingi, ukiiongezea 660 sehemu ya buluu katika mwanga wote inashuka hadi kiasi kinachotosha kuweka mche mfupi na mnene.

waya_na_risasi
Muundo: mistari miwili, kila mmoja nyeupe 10 na nyekundu 5 kwa mfululizo. Nyeupe ni volti 3.1, nyekundu 2.15, jumla karibu 42. Kila mstari na draiva yake ya mkondo thabiti, miliampea 500, inayokubali volti 36 hadi 50. Usiweke mstari wa nyekundu sambamba na wa nyeupe kwenye draiva moja. Wenye volti ndogo utanyakua mkondo wote na kuungua.

Draiva iwe ile iliyotenganishwa na umeme wa ukutani. Za bei rahisi nyengine hazikutenganishwa, na ukigusa mstari wa LED ni sawa na kugusa soketi. Aluminiamu iunge na waya wa ardhi. Kabla ya kuwasha, pima kwa mita kati ya aluminiamu na kila kituo cha risasi, pale LED ilipounganishwa. Ikilia, pana mguso.

Bamba la kupozea: mabaki ya mafundi wa madirisha yanafaa, unene milimita 3, sentimita 50 kwa 50, na krimu ya kupitishia joto chini ya kila LED. Likiwa halishikiki kwa mkono kwa sekunde tano, ongeza feni.

benchi_60x60
Ahsanteni sana. 660 ya kweli naitambuaje dukani? Na viungo nivifunike kwa silikoni?

waya_na_risasi
Washa na 630 ubavuni, mkondo mmoja. 630 inang'ara kama pilipili. 660 ni damu ya mzee, nyekundu iliyokoza, na jicho linaiona hafifu, kama robo tu. Inayokuumiza macho si 660.

Silikoni inayonuka siki usiiguse, inakula shaba na kuharibu LED. Kwa chumvi ya bahari yetu tumia vanishi ya saketi, kwenye viungo tu, kioo cha LED kibaki kikavu.

bi_mrehani
Ining'inize sentimita 25 hadi 30 juu ya majani na pembeni uweke mbao zilizopakwa rangi nyeupe. Ukipima kwa simu, laksi za mwanga mweupe gawanya kwa 70 upate maikromoli. Zikichanganyika na 660 simu itasoma chini ya ukweli. Mchicha usiupeleke humo. Unataka mwanga mkali mara mbili ya saladi, mahali pake ni juani.