Wenye mapacha wachanga, kazi mnayo na mbio hamjaacha, mnapangaje? Tupeane uzoefu

Baba Kulwa na Doto, Chumbageni

Assalam aleikum na habari za saa hizi ndugu zangu. Mi ni baba wa mapacha hapa Tanga mjini, wavulana wote, wanaenda miezi nane sasa. Nyumbani tunawaita Kulwa na Doto ingawa kwetu ni Wabondei, jina mtaa ukishalishika ndo limeshakaa. Naomba tupeane uzoefu wale wenye wachanga wawili kwa mpigo, kazi wanayo na mbio hawajaacha. Naanza mwenyewe.

Kazi yangu ni karani wa stoo, naingia saa 2 asubuhi natoka saa 11 jioni, na mwisho wa mwezi tukihesabu mali natoka hata saa 3 usiku. Mke wangu ni fundi cherehani, ana fremu Ngamiani, barabara ya 8. Kukimbia nimeanza 2019, sukari ilimchukua mzee wangu na mi mwenyewe kipimo kilishaanza kupanda, kwahiyo kwangu ni dawa. Natoka nyumbani nashika barabara ya hospitali, napita Bombo, bahari iko mkono wa kushoto mpaka Raskazone nageuza, kama kilomita 6 hivi kwenda na kurudi. Wenyeji mnajua, msimu wa kaskazi ukichelewa mpaka saa 1 na nusu umeshaumia, hewa nzito, jasho halikauki, kwahiyo ni alfajiri au basi.

Sasa watoto walipozaliwa mi nikaendelea na ratiba yangu ile ile. Nikitoka kuswali alfajiri natokea huko huko, viatu nimeviacha barazani tangu usiku ili nisimwamshe mtu, nikidhani nafanya wema. Sikuwahi kumuuliza mwenzangu. Yeye alikuwa anashtuka kitanda kitupu, watoto wawili wanalia, mkwe alisharudi Muheza baada ya arobaini, na dada wa kazi anaingia saa 1.

Siku moja watoto wana miezi miwili na nusu narudi nimelowa, nimefurahi nimekimbia vizuri, nafungua mlango namkuta mke wangu kakaa chini sakafuni kaegemea friji. Doto yuko kifuani, Kulwa kalazwa kwenye mkeka mbele yake analia mpaka sauti imekauka, na yeye anamsukuma sukuma taratibu kwa unyayo wa mguu maana mikono imejaa. Jikoni maziwa yamefurika yamezima jiko. Hakugomba. Alinitazama tu akasema "Baba Kulwa, wewe unarudi umetoka jasho, mi tangu saa 9 sijapata hata nafasi ya kwenda chooni."

Ndugu zangu lile neno lilinikata. Nikavua viatu nikavipandisha juu ya kabati, nikakaa wiki tatu sijakimbia hata hatua. Na hapo napo nikakosea, kwasababu niliacha kimya kimya vile vile kama nilivyokuwa natoka kimya kimya, nikawa na hasira za ajabu, kitu kidogo nafoka, kazini nikakosea hesabu mara mbili. Mke wangu ndo alivishusha vile viatu mwenyewe, akavifuta vumbi, akaniambia kaa chini tuongee, mi sijakwambia uache, nilitaka unishirikishe.

Tukachukua karatasi ya daftari tukaandika tukabandika kwenye friji. Mi nakimbia Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, dakika 45 mlango mpaka mlango. Yeye ana Jumatano jioni na Jumapili asubuhi yote, ni zake, aende kwa dada yake, alale, asukwe, sina haki ya kuuliza. Na siku zangu sitoki mpaka mambo manne yawe tayari: chupa zote mbili za chai zimejaa maji ya moto, watoto wote wamebadilishwa, wamenyonya wote wawili (akiamka mmoja tunamwamsha na mwenzie, hili ndo limetuokoa kuliko vyote), na mke wangu ameshatoka bafuni. Hilo la bafuni nililiongeza mimi.

Usiku zamu yangu ni mpaka saa 9. Mwezi wa tisa 2025 zamu hiyo hiyo ndo iliyonifanya nishuhudie Alphonce Simbu wetu anachukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo, usiku wa manane huku kwetu, Doto kalala begani, Kulwa mapajani, simu nimeiegemeza kwenye kopo la poda. Wamefika na yule Mjerumani wote 2:09:48, wanatenganishwa na picha ya kamera, Mtanzania wa kwanza kuchukua dhahabu kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha na mi siruhusiwi kupiga kelele. Nililia machozi ndugu zangu.

Swali langu, nyie mnafanyaje? Hasa akina mama, maana mke wangu naye anasema anataka kuanza na mi sijui nimwambie nini.

Mwari wa Makorora

Baba Kulwa hongera kwa kusema ukweli, na mkeo umpe salamu zangu. Mi ni mama wa pacha wa kike na wa kiume, wana mwaka na miezi miwili, nilijifungua kwa kisu. Nafanya kazi ofisini, mambo ya uhasibu.

Nianze na kazi maana wengi tunapoteza haki hapo. Sheria ya ajira na mahusiano kazini ya 2004 inasema likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, lakini ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo ni siku 100. Ofisini kwangu walinipangia 84. Yule dada wa utumishi hakuwa na ubaya, alikuwa hajawahi kupata mtu wa mapacha, nikaenda na kifungu nimekiprinti akakisoma akanirekebishia siku hiyo hiyo. Nyingine, ukirudi kazini unaruhusiwa kutoka kwenda kunyonyesha, muda usiozidi saa 2 kwa siku. Mi nilikuwa natoka saa 6, nachukua bajaji, nanyonyesha wote, narudi. Na nyie akina baba mna siku zenu 3 zenye malipo, ndani ya wiki ya kwanza, msiziache.

Sasa mbio. Mwambie mkeo asianze kwa kukimbia. Mi nilimaliza arobaini yangu vizuri, nimekandwa, nimefungwa tumbo, najiona mzima, wiki ya tisa nikatoka mbio. Nikafika karibu na uwanja wa Mkwakwani mkojo ukanitoka. Hivi hivi, bila kukohoa. Nilijifunga mtandio kiunoni nikarudi nyumbani kwa miguu nalia. Nilikaa na siri hiyo mwezi mzima nikidhani nimeharibika, ndo nikamwambia nesi wa kliniki siku ya chanjo ya wiki 14, akanishika mkono akasema mama, misuli ya chini imebeba watoto wawili miezi yote hiyo, unategemea nini, akanielekeza kwa mtu wa mazoezi ya viungo. Nikaanza na kukaza na kuachia misuli nikiwa nimelala, kisha kutembea, kisha kutembea haraka, miezi mitano ndo nikakimbia dakika moja natembea mbili. Sasahivi nakimbia kilomita 8 na chupi ni kavu. Naandika wazi hivi maana najua kuna mwanamke anasoma hapa anaficha.

Mengine ni madogo ila yanasaidia. Nyonyesha ndo utoke, matiti yakijaa mbio ni mateso. Vaa sidiria mbili. Kunywa maji kabla hujasikia kiu. Na maziwa ukiyakamua kwa joto hili la Tanga usiyaache mezani, yaingie kwenye friji au kwenye chombo cha barafu hapo hapo.

Shifti ya Usiku

Mi niko bandarini, shifti. Wiki ya usiku sikimbii kabisa, nilijaribu nikasinzia kwenye pikipiki narudi nyumbani, kidogo niingie mtaroni. Usingizi kwanza, ukipungukiwa usingizi hata mguu unaukanyaga vibaya. Wiki ya mchana nakimbia. Basi.

Ticha wa Pongwe

Mi mwalimu, mapacha wa kike miezi sita na nusu. Mke wangu kazi yake iko Korogwe, anarudi Ijumaa, tumekubaliana watoto wakae naye huko kwa mama yake, kwahiyo Jumatatu mpaka Ijumaa nakimbia ninavyotaka na moyo hautulii. Naona wengi mnafikiri mwenye muda ndo kafaidi. Mi nikifika kilomita ya nne nafikiria watakuwa wamelala au wanalia, nani kawashika. Nilinunua doti ya kanga nikaikata, kipande kimoja kimoja kwa kila mtoto, mwanzo nilifikiri nitawatofautisha kwa rangi ya uzi pembeni maana wanafanana kabisa, sasahivi vile vipande wakiondoka Jumapili nabaki na kimoja mimi, wiki nzima kiko kwenye mto wangu.

Kwahiyo wikiendi sikimbii peke yangu. Nilipata kigari cha watoto wawili cha mtumba. Msiwaweke wachanga wasiokaza shingo kwenye kigari cha kukimbilia, mi nimesubiri mpaka wakaze shingo na kukaa vizuri, na hata sasa sikimbii nacho, natembea haraka tu kwenye lami. Kwenye mchanga hakiendi, mtaani kwetu nakibeba mpaka barabarani.

Mzee wa Mabawa

Wanangu, mapacha wangu wana miaka 17 sasa, nataka kusema na huyo kijana wa kwanza. Mi nilikuwa nakimbia mashindano ya mkoa, walipozaliwa nikaacha mwaka mzima na miezi minne. Mmoja alikuwa na kilo 1.6, tulimlea kifuani, ngozi kwa ngozi, mimi na mama yake kwa kupokezana, saa nyingi kila siku mpaka akafika kilo mbili na nusu. Mtu aliyefungiwa mtoto kifuani hawezi kukimbia. Sikuona nimepoteza. Mapafu yalirudi, ilichukua miezi, yalirudi. Sisemi muache, mliopangiana zamu mmefanya la maana sana, ila kama kuna mtu hapa mtoto wake ni mdogo wa kilo au mkewe anaonekana amepotea machoni, halali hata akipewa nafasi, hasemi, hataki kuwashika watoto, huyo asitafute ratiba ya mbio. Ampeleke mama hospitali. Wangu alipata hali hiyo na sisi tuliita uchovu kwa wiki saba, laiti ningejua.

Mwari wa Makorora

Mzee shikamoo, ahsante kwa hilo la mwisho. Kuna shoga angu lilimpata.

Baba Kulwa na Doto, Chumbageni

Ahsanteni wote mliojibu, na Mzee wa Mabawa shikamoo. Nimesoma yote nikamsomea na mke wangu wakati ananyonyesha. Pale kwa Mwari alininyamazisha akaniambia rudia. Nikarudia. Akakaa kimya kidogo halafu akasema "kumbe sio mimi peke yangu." Miezi nane naishi naye sikujua. Kesho kutwa tunaenda kliniki na hilo atalisema, nitakuwepo.

Nimebakiwa na moja. Tukitaka kutoka wote wawili, yeye anatembea mi nakimbia, watoto tunamwachia nani? Dada wa kazi ni binti mdogo, wachanga wawili peke yake alfajiri siwezi kumbebesha.

Ticha wa Pongwe

Msiwaache, njooni nao. Jumamosi mke wangu yuko, tukutane Raskazone saa 12 asubuhi. Wawili wanakaa na watoto wanne kwenye mkeka chini ya mwarobaini, wawili wanakwenda, kisha mnabadilishana. Mkeka ninao mkubwa.

Mwari wa Makorora

Na mimi nakuja, watakuwa sita. Mke wa Baba Kulwa atatembea na mimi, nyie akina baba ndo mtaanza kukaa mkekani. Nitakuja na uji kwenye chupa, leteni vikombe na kanga za kutosha.