Mjadala: Picha za AI zisijifiche nyuma ya Noll na Molnár

Wakuu habari za muda huu. Kuna hoja naiona kila mchoraji akilalamikia picha za AI, anajibiwa "mbona hata miaka ya 60 kompyuta zilichora na watu wakaita sanaa". Mi naikataa, na naomba tuijadili kwa kumwangalia mmoja wa walioanza wenyewe kuchora kwa kompyuta, A. Michael Noll.

Huyu alikuwa injinia kijana pale Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu huko New Jersey, Marekani, mwaka 1962 akaanza kuiandikia kompyuta programu za kuchora michoro dhahania. Mmoja unaitwa Gaussian-Quadratic, ni mstari unaokatakata kona kupita kwenye nukta 100, kulia na kushoto nukta zinaangukia popote kwa namba za kubahatisha, ila kupanda juu zinafuata hesabu maalum. Akaupeleka Library of Congress, maktaba ya taifa ya Marekani inayosajili hatimiliki, wakakataa kwamba hii kazi imetengenezwa na mashine. Akawaelewesha kuwa programu imeandikwa na binadamu, wakakataa tena kisa kubahatisha. Akarudi kuwaambia namba zile machoni zinaonekana za kubahatisha lakini zinatoka kwenye hesabu isiyo na ubahatishaji wowote. Ndo wakasajili.

Sasa angalieni kilichombeba ni nini: aliweza kueleza kila kona ya ule mstari imetoka wapi, maana kanuni ni yake. Mtu wa leo kaandika sentensi moja kapewa picha, muulize huu mkono umekaa hivi kwa nini, hana jibu, na hata waliotengeneza hiyo AI hawawezi kukupa.

Mchoraji Vera Molnár ndo kabisa. Mzaliwa wa Budapest, akahamia Paris, tangu 1959 alikuwa anajitungia kanuni na kuzifuata kwa mkono, hatua kwa hatua, kompyuta hakuwa nayo. Aliipata 1968, akajifunza mwenyewe Fortran, lugha ya kuandikia programu. Mashine ilimkuta mtu ana kazi yake tayari!

Najua kuna mtu ataleta lile jaribio la Noll, aliwaonyesha watu 100 mchoro wa Mondrian, mchoraji Mholanzi, na wa kompyuta uliomwiga, 59 wakapenda wa kompyuta na 28 tu ndo wakautambua upi wa mashine. Sawa, watu waliupenda, ila kupendwa hakukuambii mwenye kazi ni nani. Na Noll alimtaja Mondrian waziwazi, hakuficha kwamba anamfuata yeye. Hizi AI zimelishwa kazi za wachoraji wangapi bila kutajwa hata jina, achilia mbali kuombwa ruhusa? Hili ndo linaniuma zaidi, kuna watu wameishi kwa brashi miaka yote leo mtindo wao unatolewa bure kwa sekunde.

Kwa hiyo mnaosema ni kitu kilekile naomba mnijibu kwa hoja: kanuni hujaandika, mstari hujachora, na uliyemwiga humjui, wewe umefanya nini hasa mpaka picha iwe yako?