Antigua: pasipoti zinauzwa dola 230,000, bombani unatoka upepo

Wanajamvi, nimevumilia vya kutosha, leo naandika.

Naishi Antigua, mwaka wa tisa huu, nimeolewa huku. Kwa msiopajua, ni kisiwa cha Karibi chenye kilomita za mraba 281. Ukichanganya na Barbuda ndiyo nchi nzima hiyo, watu kama laki moja. Laki moja! Na hao hao hawapati maji.

Jana saa nane usiku nimeamshwa na bomba la jikoni. Lilikuwa linakohoa: upepo, kimya, upepo tena. Kufika jikoni namkuta mama mkwe wangu ameshatangulia. Ana miaka 74, magoti yamekwisha, tochi kwapani, sufuria mkononi. Yakatoka maji ya rangi ya kutu, hayajai hata nusu sufuria, yakakata. Akayatazama, akaenda kuyamwaga chooni, akarudi kulala bila kusema neno. Huko kunyamaza kwake ndiko kulikonikata usingizi. Mama huyu amezoea. Amekesha akisubiri maji tangu mume wangu akiwa mtoto mchanga.

Mgao naujua jamani, nimekulia Mbagala, ndoo kichwani si jambo geni kwangu. Na najua kisiwa hiki Mungu hakukipa mito. Mvua yenyewe ya kubahatisha, bwawa kubwa la Potworks limeshawahi kukauka likabaki tope lililopasuka. Kwenye ukame wa 1983 na 1984 maji yaliletwa kwa matishari kutoka Dominica. Sawa. Lakini hiyo ni zaidi ya miaka arobaini iliyopita! Tangu hapo imejengwa mitambo ya kutoa chumvi kwenye maji ya bahari, mmoja baada ya mwingine, na sehemu kubwa ya maji ya nchi sasa yanatoka baharini. Bahari haijawahi kukauka. Kwa hiyo ninyi wa mamlaka ya maji, kila mkikata maji mkasingizia ukame, mnatuona watoto?

Ukame ukiisha kama kisingizio, wanahamia kwenye umeme wa mtambo. Umeme ukirudi, wanahamia kwenye mabomba: ya zamani, presha ikipanda yanapasuka. Ni kweli yanapasuka. Njia ya kwetu ina mahali panavuja tangu kabla ya Krismasi, majani yameota pale mabichi kuliko bustani ya mtu yeyote, mbuzi wa jirani wanakunywa hapo. Nimepiga simu mara sita. Mbuzi wanapata maji ya serikali, mama mkwe wangu hapati.

Bili lakini haikosi hata mwezi mmoja. Ule upepo unaokohoa usiku unazungusha mita. Nimekwenda dirishani nikaeleza, dada wa watu akaniambia, "Mita ndivyo ilivyosoma." Nikalipa, maana usipolipa wanakukatia. Wanakukatia nini, sijui.

Wenye nyumba zao wana tangi la saruji chini ya baraza, mvua ikinyesha paa linajaza. Mpangaji je? Anasubiri boza, na boza kwa wiki ya kiangazi ni foleni na pesa ambayo ingenunua chakula cha familia. Shuleni vyoo vikikosa maji watoto wanarudishwa nyumbani saa tano asubuhi. Mwanangu amerudishwa mara mbili mwezi huu, na mara zote mbili nimekatwa masaa yangu kazini kwa sababu ya kwenda kumchukua.

Wifi yangu anafanya kazi kwenye hoteli ya ufukweni. Hoteli kubwa zina mitambo yake, maji hayakatiki. Basi yeye anatembea na sabuni na kanga ndani ya mkoba, anaoga kazini kabla ya kupanda basi. Sisemi hoteli zifungwe, utalii ndio unaolisha nyumba hii na nchi hii. Nasema mfanyakazi anayepanga mataulo ya wageni asilazimike kuoga kwa kujificha.

Halafu njooni kwenye pesa. Tangu 2013 nchi hii inauza uraia. Tangu 2024 anayetaka pasipoti kwa njia ya mchango anaingiza kwenye mfuko wa taifa dola za Marekani 230,000, yaani zaidi ya laki sita za huku. Mtu mmoja huyo! Mabomba mangapi hayo? Na gharama ya biashara hiyo tumeanza kuilipa sisi: Desemba 2025 Marekani ilitangaza vizuizi vya viza kwa raia wa Antigua, ikitaja uraia unaouzwa bila sharti la kuishi nchini. Aliyenunua ana pasipoti yake nyingine. Mama mkwe wangu anayo hiyo moja, na mjukuu wake yuko New York.

Msinijibu kwa rangi za vyama, naomba sana. Waziri Mkuu Gaston Browne yuko madarakani tangu 2014. Mwaka 2018 chama chake, cha rangi nyekundu, kilichukua viti 15 kati ya 17, mwaka 2023 kikaponea chupuchupu kwa viti 9, na maji ni moja ya mambo yaliyowachosha watu. Lakini wa bluu, chama cha UPP, nao walikaa madarakani miaka kumi, 2004 hadi 2014, na ndoo zilikuwa hizi hizi. Fulana nyekundu na za bluu zote tunazo humu ndani, tunapigia deki. Siku kuna maji.

Ninachotaka si kikubwa. Toeni ratiba ya mgao na muifuate, hata kama ni siku mbili kwa wiki. Acheni kutuuzia upepo. Na wekeni hadharani, mtaa kwa mtaa, bomba lipi limebadilishwa na kwa fedha ipi.

Leo ni siku ya tano. Bomba nimeliacha wazi, ndoo iko chini yake, na mlango wa chumba cha mama nimeufunga ili safari hii nisikie mimi kwanza.